Chatu Wetu Alikula Kilichochinjwa

Nilipoolewa, hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya nyumba tungekuwa watatu. Mume wangu alikuwa mtu wa Usukumani, alikuja Korogwe kukata mkonge, na kwao mcheza ngoma bila nyoka ni kama mpishi bila sufuria. Chatu wake alikaa kwenye sanduku la mbao chini ya dirisha. Sikukuu zilipofika, mume wangu alimvaa shingoni akaenda kucheza Old Korogwe, watu wakapiga vigelegele huku wakirudi nyuma. Mimi nilisimama mbali. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa najivuna kwamba yule mwanamume ni wangu.

Mwezi wa kwanza wa ndoa aliingiza kuku mzima sandukuni. Ule ukelele ulinitoa nje bila viatu. Mimi ni Mzigua wa Handeni, binti wa mwalimu wa madrasa. Kwetu kuku akifa bila kisu na bismillahi ni kibudu, na kibudu hakikai ndani.

"Kwangu kuku hafi namna hiyo," nilimwambia.

"Chatu hajui halali wala haramu, mke wangu. Anataka chenye roho."

"Basi akale porini."

Alicheka. Alikuwa amesilimu ili anioe, na nadhani aliamini kwamba hapo dini ilikuwa imemaliza kumdai.

Akatafuta njia ya katikati. Alileta panya buku, mzima, kwa hoja kwamba panya hachinjwi na Mwislamu wala nani. Akamtia sandukuni, tukaenda shamba. Hatukujua kwamba chatu alikuwa karibu kujivua gamba na hakuwa na hamu ya kula. Tuliporudi jioni, panya alikuwa amemtafuna juu ya jicho. Mume wangu alimpaka mafuta ya mbarika huku analia waziwazi, mtu ambaye hakulia hata alipoletewa habari za msiba wa mama yake. Jicho lile liligeuka jeupe, halikupona tena. Mimi nilikuwa nimeshinda ugomvi, na ninakiri kwamba nilifurahi kidogo. Kesho yake nilimkabidhi kisu.

Ikawa hivi: mume wangu anaelekea kibla, anasoma bismillahi, anamchinja kuku kwa ajili ya nyoka. Mara ya kwanza nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini chatu alimnusa yule kuku, akageuka. Wiki mbili tukimpa, wiki mbili akikataa. Mwishowe ni mimi niliyegundua. Nilimweka kuku na manyoya yake kando ya majivu mpaka akapata joto, nikamfunga mguu kwa uzi wa katani, nikawa namvuta taratibu mbele ya sanduku. Chatu aliruka nikadhani ameuchukua mkono wangu.

Tangu siku ile alinijua. Alasiri nikipanga kuni kwenye mafiga, aliinua kichwa. Nikifungua sanduku alikuja hadi jikoni, akajilaza kando ya moto, akangoja. Sikumwogopa tena. Nilimpenda, na wala sioni haya kulisema.

"Umemfanya mwali," mume wangu alisema. "Anakaa ndani, anangoja kuletewa. Siku akitoka nje atakula nini?"

"Nani atamtoa?" nikamjibu. Ulimi wangu siku zile haukujua kupumzika.

Bei ya mkonge ilipoanguka na kazi kwisha, tulirudi kwetu Handeni, sanduku limefunikwa kanga juu ya lori. Huko tukakuta watu wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilijengwa kwa mistari, zote sawa, kila moja na jiko lake nyuma, upande uleule. Hata mimi niliwahi kuingia jikoni kwa jirani nikatafuta chumvi yangu, tukacheka sana.

Kisha mvua ikakata. Tulipanga foleni ya unga wa yanga, ule wa njano, watoto wakiukataa mwanzo na kuulilia baadaye. Ugonjwa wa kideri ukapita, kuku wakabaki wa kuhesabu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mama mmoja ambaye mtoto wake alianza kuvimba miguu na nywele kuwa nyekundu. Siku moja alipita nyuma ya jiko akanikuta navuta uzi, kuku aliyechinjwa, na manyoya yake yote, mwishoni mwa uzi. Alimtazama kuku, akalitazama sanduku, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Siku ya pili balozi wa nyumba kumi alikuja.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Alikaa, akatazama sanduku. "Mkutano umesema. Asiyefanya kazi na asile. Sisi watu tunaambiwa hivyo, sembuse nyoka?"

"Anacheza ngoma, mzee," mume wangu alisema.

"Ngoma ya nini, mwaka huu?"

 Mzee yule hakuwa mtu mbaya, na alilosema lilikuwa kweli. Tulipewa siku tatu. Ama tumpeleke porini, ama vijana waje na majembe.

Ndipo mimi, mimi yuleyule, nikasema tumjaribu na kuku mzima, akumbuke kuwinda. Tulikuwa na mmoja aliyebaki. Tukamtia sandukuni tukakaa mbele yake kama watu wanaongoja daktari. Kuku alilia, akazunguka, akachoka. Chatu alimgusa kwa ulimi, akamwacha. Hakuwa ameshiba, nilijua alivyokonda. Adhuhuri kuku alikuwa amejikunja kwenye mkunjo wa chatu, na tulipomtoa tukakuta ametaga yai. Chatu aliinua kichwa, akanigeuzia jicho lake zima. Alikuwa anangoja uzi.

"Mchinje," nilimwambia mume wangu. "Ale mara ya mwisho."

Aliangalia upande wa nyumba ya tatu, akatikisa kichwa. Yai alilipeleka kule, kwa mtoto. Chatu tulimbeba mimi na yeye, na tukamwacha ng'ambo ya korongo, mbali na mashamba, penye mawe na vichaka.

"Atakumbuka," mume wangu alisema njiani. "Nyoka hasahau kuwinda."

"Inshallah," nikasema. Sikugeuka nyuma, niliogopa nisije nikamwona anatufuata.

Siku ya nane, alasiri, nilikuwa napanga kuni. Nikasikia kelele nyumba ya tatu, kisha miguu ya wanaume, kisha majembe. Nilikimbia. Mume wangu alikuwa amefika kabla yangu, amesimama tu, mikono imening'inia. Chatu alikuwa amekufa kando ya mafiga ya yule mama, mahali hasa ambapo kwangu alizoea kujilaza.

"Hakukimbia," yule mama alisema, mtoto amemng'ang'ania. Alinitazama mimi. "Nimempigia kelele, hakukimbia. Ameinua kichwa tu, ananiangalia. Nisamehe, dada. Nina mtoto."

Ningemsamehe nini? Mimi ndiye niliyemfundisha chatu kwamba mwanamke jikoni analeta chakula.

Vijana walimpasua tumbo, waone kama amemeza mbuzi wa mtu. Hamkuwa na kitu. Hata unyoya.

Nilimgeukia mume wangu, nikangoja anilaumu. Nilitaka anilaumu. Aliwatazama wale watu, akatazama mstari wa nyumba, kisha akasema polepole, bila hasira:

"Alikuwa anakuja kwako, mke wangu. Nyumba zenyewe zote zinafanana."