Mwaka Ambao Mama wa Mlangoni Alikosa Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa mashine. Fundi Mkuu alinipa kitambaa cha pamba na kopo la spiriti, akaniambia nisafishe kioo cha kidirisha ambacho mwanga wa picha hupitia kwenda ukumbini. Nikasugua mpaka nikaanza kuona uso wangu. Akaja, akainama, akatazama.

"Bado," akasema.

Nikarudia. Akaja tena, akatazama kwa muda mrefu zaidi, ndipo akaniambia, "Binti, doa la hapa ni dogo kama punje ya mtama, lakini likifika kule kwenye pazia linakuwa kubwa kama ng'ombe. Mtazamaji hatasema kioo kichafu. Atasema sinema mbaya."

Hivyo ndivyo nilivyoanza uopereta wa mashine za sinema hapa Tanga mjini, kazi ambayo vijana wa leo hawaijui na wasichana wa siku zile hawakuifanya. Mimi niliipata kwa sababu ya sikukuu. Kila Idi Pili, alasiri, jumba letu lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Walikuja kutoka Ngamiani, Chumbageni, Mabawa, wengine toka Muheza na Pangani, wakavua mabuibui yao mlangoni na kukaa kwa raha zao, nguo mpya zikanukia udi ukumbi mzima. Mabibi wenye heshima zao wakaanza kulalamika kwamba kule juu kwenye chumba cha mashine kuna mwanamume, na kidirisha kinatazama chini. Meneja akaona bora atafute mwanamke.

Baba yangu alikuwa fundi wa majiko ya mafuta na redio, kibaraza chake kiko Barabara ya Kumi. Meneja alimfuata palepale.

"Shikamoo, mzee. Natafuta mwanao mmoja anayejua kushika bisibisi."

"Marahaba. Wa kiume yuko shule."

"Ninayemtaka ni wa kike."

Baba alinitazama. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikizibua pua ya jiko. Akasema, "Mimi sina neno. Ila jua likizama nataka nimwone hapa."

Basi nikaingia, nikapangiwa maonyesho ya mchana. Fundi Mkuu, Mdigo wa huko Moa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, akanifundisha hatua kwa hatua. Mwanga wa mashine zile haukutoka kwenye balbu. Ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana ncha kwa ncha. Umeme ukiruka katikati, unapata mwanga mweupe usiotazamika kwa macho. Vijiti vinaungua kadiri filamu inavyokwenda, kwa hiyo lazima uvisogeze polepole kwa mkono, la sivyo picha inafifia. Filamu yenyewe haikuja kipande kimoja. Ilikuja katika magurudumu tuliyoyaita rili. Rili moja ikikaribia kwisha, doa jeusi linatokea kwenye kona ya picha, nawe unaiwasha mashine ya pili yenye rili inayofuata. Ukifanya vizuri mtazamaji hajui. Ukichelewa, ukumbi mzima unapiga miluzi. Utepe ukikatika, tuliukwangua kwa wembe na kuunga kwa gundi maalumu.

Na sauti? Sauti ilikuwa mstari mwembamba pembeni mwa utepe. Taa ndogo ndani ya mashine iliupiga mstari ule, na mashine ikaugeuza kuwa maneno na nyimbo. Tuliiita taa ya sauti. Nawaomba muikumbuke.

Filamu ya Idi ilikuwa moja tu, mwaka hata mwaka. Ilikuwa ya Kihindi, ya rangi nyeusi na nyeupe, na ilikuwa na jina lake refu ambalo Tanga hapakuwa na mtu aliyelitumia. Sisi tuliiita Mama wa Mlangoni. Nakala ilinunuliwa zamani na wenye jumba, ndiyo maana haikurudishwa kwa wasambazaji kama nyingine. Waliotengeneza filamu walitoa kisa chao katika hadithi ya kale, na hadithi hiyo hata huku pwani tulikuwa nayo, bibi zetu wakitusimulia wakati wa kuchambua mchele. Mama anamfukuza mwanawe kwa hasira usiku wa kuamkia Idi. Asubuhi anajuta. Tangu hapo kila Idi anapika, anaweka sahani mlangoni, anaacha mlango wazi. Majirani wanamcheka. Katika hadithi ya bibi zetu, mwana anarudi baada ya mama kufa. Anaikuta sahani tu, majirani wameiweka.

Katika filamu mama hafi, anapofuka. Mwana anarudi mtu mzima, sauti imebadilika, anaona haya kujitaja. Anatoa salamu kama mpita njia. Mama anamwambia, kama tulivyofasiriwa zamani, "Kula kwanza, mgeni. Mengine baadaye." Mwana anakula, machozi yanadondoka kwenye wali. Mama amekaa pembeni, anauliza jambo moja tu: "Chumvi imetosha?" Mwana anajibu, "Imetosha, mama." Hapo kamera inakwenda taratibu mpaka kwenye mlango, mama ananyanyuka, anapapasa ukuta, anaufunga mlango ule kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze. Mwisho.

Basi wanawake walitoka pale wakigombana mpaka njia panda ya soko. Je, yule mama alijua kuwa ni mwanawe? Wengine wakasema alijua tangu salamu, mama hapotezwi na sauti. Wengine wakasema hakujua. Alifunga mlango kwa sababu amezeeka, amechoka kungoja, na hilo ndilo la kuliza. Mwaka wa pili wanarudi kuthibitisha, na wanaondoka wakigombana vilevile. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini filamu ile haikuchosha. Nadhani jibu mojawapo ni hilo. Kila mwaka mtazamaji alikuja na umri mwingine, na mlango ule ukafungwa kwa namna nyingine.

Nilikuwa na rafiki yangu wa tangu chuoni kwa maalim, akiitwa Zena. Mama yake, Bi Rukia, alikuwa mshona kofia hodari, mwanamke mkali asiyerudi nyuma akishasema. Zena aliolewa na kijana Mbondei, karani wa shamba la mkonge, bila radhi ya mama. Bi Rukia akasema hana binti. Zena akahamia kwa mumewe, na miaka ikapita hawasemezani, hata kwenye misiba wanapeana mgongo. Lakini Idi Pili wote wawili walikuja sinema. Bi Rukia alikaa chini, safu za mbele. Zena alikaa roshani, karibu na kidirisha changu. Sikumwambia Zena kwamba mama yake yuko chini. Alijua. Na Bi Rukia aligeuka mara moja tu, kabla taa hazijazimwa, akatazama juu kama mtu anayetazama hali ya dari.

Kisha ikaja ile miaka ya taabu. Mtu aliyekuwa na akili zake miaka ile hana haja ya kuelezwa, na kijana hataamini: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, kitenge kikipatikana mtaa mzima unavaa sare. Kwetu sinema tatizo lilikuwa vipuri. Fedha za kigeni hazikuwepo, kaboni hazikuja. Fundi Mkuu alikuwa akivichonga vipande vilivyobaki na kuviunga kimoja na kingine mpaka vinakuwa vifupi kama kidole gumba. Filamu mpya hazikuja pia. Taa ya sauti ya mashine ya kwanza ikaungua na mbadala haukupatikana nchini, tukabaki na mashine moja. Ilibidi tusimame kila rili ikiisha, watu wakingoja gizani.

Idi ya mwaka mmoja kati ya hiyo, mfungo ulikuwa mgumu, watu wamefuturu mihogo mitupu. Idi Pili ukumbi ulijaa hata ngazini. Nguo mpya zilikuwa chache, kanga nyingi zimefuliwa na majivu. Nilianza filamu vizuri. Rili ya kwanza ikaisha, ya pili ikaenda kidogo, sauti ikakwaruza, ikakatika. Nilifungua kifuniko, nikaigusa taa. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika.

Fundi Mkuu hakuruhusiwa kupanda siku hiyo, alikuwa amekaa nje kwenye ngazi za nyuma. Nikamshukia na ile taa mkononi. Akaitikisa sikioni, akanirudishia.

"Imekwenda," akasema.

Meneja akaja mbio. "Tuwarudishie viingilio. Nitasema umeme umeleta hitilafu."

Nikamwambia nitawaeleza mwenyewe, kwa kuwa yeye hawezi kuingia. Nikasimama mbele ya pazia, nikasema, "Mama zangu, poleni. Taa ya sauti imeungua na nyingine hatuna. Picha ipo, sauti hakuna. Mnaweza kurudishiwa viingilio vyenu."

Bibi mmoja wa safu za kati akasema kwa sauti ya puani, "Kwani sisi Kihindi tulikuwa tunakijua?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Rudi juu mwanangu, weka picha. Maneno tunayo."

Nikarudi. Nikawasha. Na wanawake wa Tanga wakaisema filamu ile kwa Kiswahili. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Mmoja alimsemea muuza samaki kwa lafudhi ya Kimtang'ata, mwingine akamsemea jirani mbea, watu wakashika mbavu. Nyimbo waliziimba wote, maneno ya kujitungia, vigelegele juu. Lakini kadiri rili zilivyokwenda mzaha ulipungua. Ilipowekwa rili ya mwisho, mimi nikisogeza kaboni iliyobaki kama kipande cha chaki, walikuwa wamenyamaza. Mwana akatokea mlangoni. Akafungua kinywa, akatoa salamu isiyosikika. Hakuna aliyethubutu kuisema.

Mama kwenye pazia akageuza uso. Midomo yake ikacheza. Na kutoka safu za mbele nikasikia sauti ninayoijua, kavu, isiyo na mzaha:

"Kula kwanza, mgeni. Mengine baadaye."

Ilikuwa ya Bi Rukia. Nikamtupia jicho Zena. Alikuwa amekamata chuma cha roshani kwa mikono miwili. Pazia likaendelea kimya. Mwana akala, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama akauliza, na Bi Rukia akauliza naye, polepole zaidi:

"Chumvi imetosha?"

Kwenye picha mwana anachelewa kujibu. Nimeipitisha sehemu ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na siku ile niliona kama filamu imekwama. Midomo ya mwana ilipofunguka, Zena akasema toka juu, sauti ikimpasuka katikati:

"Imetosha, mama."

Hakuna aliyegeuka. Wote walijua, Tanga si mji mkubwa, na hakuna aliyegeuka. Walitazama mlango unavyofungwa.

Msidhani walikumbatiana ngazini. Bi Rukia alivaa buibui lake akatoka. Zena alibaki roshani mpaka ukumbi ukawa mtupu, akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Lakini baada ya Idi, Bi Rukia alimtuma mtu kwa Zena na kofia moja ndogo, ya mjukuu wake wa kiume, ambaye hakuwahi kumshika. Maneno hayakuambatana nayo. Zena akampeleka mtoto. Alinisimulia kwamba mama yake alimpokea mtoto, akamtazama kichwa, akasema tu, "Inamtosha." Walikuja kuelewana kwa shida, wakikosana na kupatana, kama watu. Na mwaka uliofuata walikaa safu moja.

Taa nyingine ilikuja kupatikana kupitia baharia mmoja aliyeileta toka Mombasa. Fundi Mkuu aliipokea kama mtu apokeavyo yai. Akastaafu muda si mrefu, nami nikawa fundi mkuu. Halafu zikaja siku za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagika Ngamiani, na mikanda ya video nayo ikaingia. Tulikuwa tukilia kwa kukosa vipuri. Sasa vipuri vinaweza kuagizwa na watazamaji hawapo, wamekaa majumbani kwao. Meneja wa mwisho, kijana mpole, alituita akasema, "Mama, jumba limepata mpangaji. Ni simenti." Nikazima mashine mwenyewe, na jumba likawa ghala.

Nikafanya kazi katika duka la kukodisha mikanda. Hapo nilijifunza jambo. Filamu ile ilitengenezwa upya, ya rangi, wachezaji wazuri, nyumba nzuri. Mwishoni mama anamkumbatia mwana na kulia: nilikujua tangu salamu! Watu walikodi mara moja. Idi iliyofuata wakaja kuulizia ile ya zamani, yenye mikwaruzo. Mwanamke mmoja aliniambia, "Hii mpya imenijibu. Nani aliiuliza?"

Sasa nimestaafu hata hilo. Idi iliyopita walimu wa shule moja Raskazone waliandaa onyesho la ile filamu ya zamani kwa ajili ya wanawake, wakanialika kama mgeni. Mashine ilikuwa kijisanduku juu ya meza, msichana akabonyeza kitufe, basi. Nikaonyeshwa kiti katikati. Ndipo nilipong'amua kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kuitazama Mama wa Mlangoni nikiwa nimekaa. Nimeitazama kwa jicho moja, kupitia kidirisha, mkono kwenye kaboni, sikio kwenye mashine, nikingojea doa la kona. Sikuwa nimejua kwamba yule mama anapouliza habari ya chumvi, vidole vyake vinakunja ncha ya ushungi. Sikuwa nimejua uso wake ni mkubwa kiasi kile.

Pembeni yangu alikaa mama kijana nisiyemfahamu, ana mtoto amelala kifuani. Mwana alipotoa salamu aliukamata mkono wangu bila kujua ameukamata. Akaninong'oneza, "Bibi, eti anamjua?"

Nikauacha mkono wangu mkononi mwake. Nilikuwa natazama.