Bampa la Kwendea Ukweni

Safari hii niliifanya kwa sababu ya macho ya mama mkwe. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Tanga, na siku yao ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Yeye anakaa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Masika yaliyopita gari langu lilizama topeni naye yumo, akatembea kwa miguu hadi barabara kubwa. Alisema hapandi tena mpaka nifunge kitu cha kulinasua. Nilimwelewa.

Jumatatu, Mabawa, mjini Tanga. Fundi Salehe, mchomeleaji, alikuwa na mabampa mawili yenye nafasi ya winchi, mashine ya kuvutia gari kwa waya. La kwanza lilikuwa la mabomba, linang'aa, ila linashikwa na bolti nne ndogo kwenye vipande vya bati. La pili lilikuwa bamba jeusi la chuma, baya kama mlango wa stoo, lakini hufungwa moja kwa moja kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari.

"Chukua hili jeusi," alisema. "Winchi inataka chesisi. Hilo lingine la harusini."

"Nakwenda ukweni, fundi."

Akachukua spana, akafunga linalong'aa. Kwetu mtu akishataja ukweni habishiwi.

Jumatano asubuhi niliondoka na mke wangu, Mwanaidi. Pangani, tukisubiri kivuko, abiria wawili walijitazama kwenye bampa na mmoja akaweka kofia sawa. Nikaona nimechagua vizuri.

Mwera tulifika kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga?"

"Nimefunga."

Alilipapasa bampa kwa kiganja, toka upande mmoja hadi wa pili. "Laini," alisema. Sikujua kama ni sifa.

Mvua ilinyesha tukiwa tunakula. Saa tisa, tukirudi, mama mkwe na Mwanaidi wamekaa nyuma, magurudumu yalizama karibu na palepale pa mwaka jana. Nilizungusha waya wa winchi kwenye mnazi, nikabonyeza. Winchi ikanguruma, gari likatikisika, kisha bampa likabanduka, likakata nyaya za umeme wa winchi na kutua hatua tatu mbele yetu.

"Tumeanza kwenda?" mama mkwe aliuliza.

"Bampa limetangulia, mama."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Alhamisi, na madaktari hawakusema watarudi lini. Kwa kutaka kupendeza nilikuwa namwacha mama wa watu gizani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hapa si karibu na wafua nazi?" aliuliza. "Nasikia harufu ya makumbi."

Mwanaidi alimwambia ndipo.

"Basi leteni makumbi, myashindilie chini ya magurudumu. Mikokoteni yetu ilitoka hivyohivyo."

Nilibeba maganda hayo ya nazi nikiwa na suruali yangu ya ukweni, safari nane. Wafua nazi walisaidia kusukuma, na gari likatoka kwa jaribio la tatu. Bampa tulilipakia nyuma, miguuni pa mama mkwe.

Alhamisi asubuhi, mama mkwe akiwa hospitalini na binti yake kupasuliwa jicho, nilirudi Mabawa. Fundi Salehe alifunga bamba jeusi. Nilichojifunza safarini nilikuwa nimeshaambiwa hapohapo siku ya Jumatatu.

Ijumaa wauguzi wa hospitali walimfungua bandeji ya jicho la kulia. Alitoka nje ameshika mkono wa Mwanaidi, akalizunguka gari, akaligonga bamba jeusi kwa kidole. "Hili nitalipanda," alisema.

Kisha akaliona lile linalong'aa, bado limelala ndani ya gari, mbele ya kiti cha nyuma. Aliliinamia, akaweka ushungi sawa, akajitazama kwa muda mrefu. Hakuwa ameuona uso wake kwa miaka.

"Kumbe nimezeeka namna hii."

"Bampa ndilo limepinda, mama."

"Siku hizi unamdanganya mtu anayeona," alisema, akapanda gari.