Ndugu wa Ziwa Moja

Siku walipokuja watu wa posa, Johari alikuwa jikoni, nyuma ya pazia la kitenge, akichuja chai ya tangawizi. Nyumba yao iko Kibiti, nyuma ya soko, na asubuhi hiyo ilikuwa imefagiliwa mpaka uani. Mumewe, Swalehe fundi seremala, alikaa barazani na wanaume. Wanawake waliingia ndani wakakaa juu ya mkeka mpya, ambao Johari alikuwa ameuweka miezi yote akingojea siku kama hii.

Kijana aliyeleta posa aliitwa Kheri. Ni mtu wa visiwani, huko delta, na kazi yake kununua kaa kwa wanaowavua mikokoni, akawaleta Kibiti kwa wenye magari ya Dar es Salaam. Aliyeposwa ni Muzdalifa, binti wa mwisho wa Johari, fundi cherehani. Walikuwa wamependana mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya mwenzake wala juu ya ukoo wake.

Aliyeongoza wanawake ni Bi Sihaba, shangazi yake Kheri, ndiye aliyemlea. Mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Alipokwisha kuulizia afya za watu wote akaanza kumsifia mwanawe.

"Huyu mnayemwona ni mtoto wa Elinino," alisema. "Mama yake alizidiwa na homa njiani, maji yamefunga barabara. Kuna mwanamke wa watu, hatumjui hata jina, alimpa ziwa kule shuleni Ruaruke mpaka baba yake mdogo akaenda kumchukua. Kama si yule ndugu, leo tusingekaa hapa."

Wanawake wakamhimidi Mungu. Nyuma ya pazia Johari akaliweka birika chini, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kilichokwisha kupasuka.

Mwaka ule wa Elinino alikuwa mke mchanga pale Ruaruke, na mtoto wake wa kwanza, Mohamedi, ndiyo kwanza anaota meno. Swalehe alikuwa ng'ambo ya maji, kwenye mbao, hana njia ya kurudi. Watu wa vijiji vya bondeni walihamia shuleni, wakalala madarasani na kuku wao. Mchana mmoja ukaja mtumbwi na mwanamke kijana anayetetemeka, kitoto cha kiume mikononi. Aliwatazama wanawake waliojipanga ukutani, akamwona Johari ananyonyesha, akamwendea yeye.

"Ndugu yangu," alimwambia, "nishikie mwanangu."

Neno hilo, ndugu, lilitembea sana siku zile. Mwenyekiti alipogawa unga alianza na ndugu wananchi. Waliogombea pa kulala waliitana ndugu, kisha wakasukumana. Lakini namna yule mwanamke alivyolisema, Johari hakuweza kulipita. Alimpokea mtoto. Wanaume wakambeba mama kwenye kitanda cha kamba, wakaingia naye kwenye maji ya kiunoni kuelekea hospitali, na hakurudi tena. Kesho yake akaja mwanamume na mtumbwi, akajitaja kuwa baba mdogo wa mtoto, akamchukua. Hapakuwa na wakati wa kuulizana majina.

Johari hakupata kumsimulia mtu. Haikuwa siri, ilikuwa shughuli ya wanawake, kama kumsaidia mwenzio kujitwika ndoo.

Sasa alichukua birika, akapita pazia, akawamiminia wageni chai. Bi Sihaba alimshika mkono akamwita dada. Posa ikakubaliwa, harusi ikawekwa baada ya Idi, na Johari hakusema kitu.

Alijua vizuri sheria ya dini inavyosema. Mtoto aliyenyonya kwako ni wako, na wanao ni ndugu zake, hata wale ambao hawajazaliwa bado. Ila aliwahi kusikia kwamba kuna hesabu. Akang'ang'ania hesabu hiyo. Akaenda kwa Ustadhi Abdulswamadu, anayefundisha watoto msikitini, akamuuliza kama anayeuliza kwa niaba ya jirani. Ustadhi hakumwuliza jirani gani. Alimweleza kwamba katika mafundisho yao ni mara tano, kila mara mtoto anyonye mpaka ashibe na kuacha mwenyewe, na awe hajatimiza miaka miwili. Zikipungua tano, hakuna undugu. Zikitimia, ni ndugu kama waliotoka tumbo moja, na ndoa haipo.

Johari alirudi nyumbani akihesabu. Alipompokea tu, alasiri, mtoto alinyonya kwa pupa, akakohoa, mpaka akashiba. Magharibi tena. Usiku aliamshwa na kilio, akampa. Alfajiri, wakati watu wanatawadha kwa maji ya mvua, akampa tena. Nne. Alirudia njia nzima, akapata nne. Siku hiyo alipika wali wa nazi na kuimba, mpaka Swalehe akamtania kwamba labda anayeolewa ni yeye.

Kheri alikuwa akifika kila wiki, amewafunga kaa magando kwa kamba ya mkindu, akiwaacha mlangoni na salamu. Muzdalifa alizungumza naye kwenye simu akiwa kwenye cherehani. Kwake yeye, kama vijana wenzake wote, dereva wa bodaboda alikuwa braza, muuza vifungo alikuwa braza, na huyu mmoja tu alikuwa kaka. "Umekula, kaka?" alikuwa akiuliza, sauti imeshuka. Johari akisikia alijikumbusha: nne.

Ya tano ilimjia akiwa anaanika ukili wa kushonea mikeka uani. Haikuletwa na kitu chochote; ilikuja tu. Mtumbwi umekwisha geuzwa, baba mdogo anahimiza waondoke kabla mvua haijarudi. Na yeye Johari, maji yakimfika magotini, akasema asubiri kidogo, safari ni ndefu. Akakaa ukingoni mwa mtumbwi, akampa mtoto ziwa. Mtoto hakulia wala hakuomba. Alinyonya polepole, akaacha mwenyewe, akalala mdomo wazi, na tone la maziwa shavuni.

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kumkabidhi tu.

Siku mbili alibeba jambo hilo, akiunguza chakula na kumjibu Swalehe visivyo. Ya tatu aliingia chumbani kwa Muzdalifa, aliyekuwa anapiga pindo la shela, akamwambia aache cherehani. Akamweleza yote bila kuzunguka.

Muzdalifa hakulia. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Ustadhi anajua habari, hawajui watu."

"Basi na wewe sahau, Mama. Mimi sijasikia."

"Umesikia, mwanangu."

"Ulikuwa na usingizi, mvua inanyesha, watu wamejaa. Sema ni mara nne. Nani atakubishia?"

Maneno hayo Johari alikwisha kujiambia mwenyewe, kila usiku, na yalikuwa matamu kuliko yanavyosikika mdomoni mwa mtu mwingine.

"Nitajibishia mwenyewe," alisema. "Utazaa, nitawashika wajukuu zangu, na kila nikiwashika nitajua ni watoto wa wanangu wawili."

Muzdalifa alilikunja shela, akalikunja tena, mpaka halikuweza kukunjika zaidi.

"Mwaka mzima namwita kaka," alisema. "Kumbe."

Swalehe alipoambiwa alikaa na randa mkononi bila kuisukuma, kisha akavaa kanzu akaenda kwa Bi Sihaba. Bi Sihaba alikuja mwenyewe, akamkumbatia Johari, akalia, akamshukuru na kumlaumu kwa pumzi moja. Sokoni wakasema wazazi wamevunja posa kwa kuwa wamepata mkwe mwenye gari. Neno lililomuuma Johari ni la nyumbani: Muzdalifa alimjibu ndiyo na hapana, si zaidi, na chakula alikula baada ya wenzake kuondoka. Kheri naye hakuonekana. Kaa wake aliwapitisha njia nyingine, Ramadhani nzima.

Alikuja baada ya Idi, saa za asubuhi, mikono mitupu. Johari alikuwa peke yake ukumbini. Alinyoosha mkono kuvuta khanga ajifunike kichwa, halafu akakumbuka kwamba kwa huyu hana haja. Mkono ukabaki hewani. Chumba cha pili cherehani ya Muzdalifa ilikuwa inanguruma.

Kheri hakukaa. Alikuwa amekonda. Johari alijiandaa kwa lawama, kwa sababu alizistahili na hakuzistahili.

"Shangazi hakuwepo siku ile," alisema Kheri. "Baba mdogo alifariki nikiwa mdogo. Picha hatuna. Wewe ndiye pekee uliyemwona mama yangu siku yake ya mwisho. Alikuwaje?"

Johari akamwonyesha mkeka, naye akakaa. Akamwambia alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya mkubwa mbele kama wake. Kwamba homa ilimtetemesha lakini mtoto alimshika sawasawa, kichwa kimeegemea kiwiko. Kwamba walipombeba alikataa kulazwa chali. Aligeuka ubavu akamtazama mwanawe mpaka mlango wa shule ukamficha.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Muzdalifa alikuja akasimama penye pazia, macho yamevimba, hakumtazama Kheri wala mama yake. Kheri aliinua uso akauinamisha. Kisha Muzdalifa akaketi kizingitini, mbali nao, magoti ameyakumbatia.

"Alivaa nguo gani?" aliuliza.

Johari alifumba macho ili aone vizuri.

"Khanga ya rangi ya zambarau," alisema. "Na gauni la maua, limeshonwa kwa mkono."