Yowe Lililosikika Suji

Niliondoka Moshi kwa sababu ya simu ya Naelijwa. Tulianza karate pamoja tukiwa wasichana. Yeye akaolewa Suji, mimi nikabaki na karate hadi mkanda mweusi, na sasa nafundisha. Alinieleza kwamba wifi yake, Mama Eliya, hashuki tena sokoni Makanya. Kijana mmoja alimshika kiuno kwenye kona ya njia, mzigo ukiwa kichwani, akacheka akaenda zake. Tangu siku hiyo ndizi za Mama Eliya zinaivia nyumbani na mbuzi ndio wanaozifaidi.

"Njoo utufundishe," alisema. Mambo ya namna hiyo hunipandisha mori. Nikafunga begi siku hiyohiyo.

Kesho yake asubuhi basi letu lilipita Kifaru kabla jua halijaanza kuchoma, milima ikitufuata upande wa kushoto. Same tulisimama, na upepo wa pale ukaninyang'anya mtandio mara tu nilipokanyaga chini. Nilikunywa chai nimeukalia. Kutoka hapo ni mkonge na vumbi hadi Makanya, ambako malori ya jasi huacha weupe hata kwenye majani. Nikapanda bodaboda ya kwenda juu.

"Dada, shikilia vizuri," dereva aliniambia. "Huku ukidondoka, unadondoka kweli."

Nilishikilia. Kadiri tulivyopanda hewa ilipoa, migomba ikaanza, na nikajisikia raha ambayo sikuwa nimeitegemea.

Suji, mchana. Mama Eliya alinipokea begi na kunikaribisha ndani. Ni mfupi, ana viganja vigumu vya mtu wa jembe, na sauti ndogo mno.

"Karibu mwalimu. Ila mimi sijui kupigana."

"Hatupigani, dada yangu. Tunajinasua."

"Mimi nataka kwenda sokoni tu," alisema.

Alasiri walikusanyika wanawake wapatao kumi mahali pekee palipokuwa tambarare, uwanja wa kuanikia maharage. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: ukishikwa, kwanza tupa ulichobeba.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Nitupe ndizi?" mmoja aliuliza. "Mteremko huu! Zitafika Makanya kabla yangu."

Basi nikabadilisha somo. Tukajitwika mizigo na kujifunza hivyohivyo: miguu imetanuka, magoti yamelegea, mkono unazungushwa kuelekea kidole gumba cha aliyekushika, kisha kisigino juu ya kidole chake cha mguu. Shingo zao hazikutikisika. Wanafunzi wangu wa Moshi huchukua miezi kusimama namna ile, na nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Kisha nikafika kwenye ukelele. Katika karate tunauita kiai, pumzi inayotoka tumboni pamoja na pigo. Nikawaambia wapige. Wote wakamgeukia Naelijwa.

"Rehema," Naelijwa alianza, "huku kwetu..."

Mimi si mtu wa kukatizwa darasani. Nikamwambia asubiri, nikavuta pumzi, nikapiga mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Nikarudia.

Ng'ambo ya bonde mtu akaitikia. Mwingine akaitikia juu zaidi. Muda si mrefu watu wakaanza kumiminika kutoka mashambani, wenye majembe, wenye mapanga, mmoja na ndoo ya maji imebaki nusu. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee mrefu, akihema.

"Nani amekufa?"

Naelijwa alinitazama. "Ndicho nilichotaka kukwambia. Huku yowe ni la msiba au moto. Anayepiga bure huwapikia wote walioacha kazi zao."

Nilitamani ardhi inimeze. "Shikamoo mzee. Nisamehe, nilikuwa nafundisha."

"Marahaba. Makande unajua kupika?"

Watu wakacheka. Mama Eliya hakucheka. Alikuwa bado na mzigo kichwani, akasogea mbele.

"Hajafa mtu," alisema. "Ila mimi nilishikwa pale kwenye kona, na sikupiga yowe."

Mwenyekiti alishusha jembe begani.

"Siku gani?"

Akamtajia.

"Shamba langu liko juu ya kona ile. Nilikuwa nalima. Mbona hukupiga? Ningekusikia."

"Nilidhani mpaka awepo maiti."

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, na nikaona kwamba lile neno limemuuma. "Mtu akikushika hutaki, piga. Tukija tukakuta si kitu, makande tutakula."

Jioni niliyapika. Mahindi yaligoma kuiva, maharage yakashika chini, na wote wakala huku wakinisema waziwazi.

Jumamosi, safari ya kurudi. Naelijwa alimtwika wifi yake mkungu, tukashuka sisi wawili. Tulipokaribia kona Mama Eliya aliniomba nibaki nyuma. Kijana alikuwepo, ameegemea pikipiki.

"Mama, leo umeniletea nini?"

Mama Eliya akasimama. Miguu ikatanuka, magoti yakalegea, nikamwona akivuta pumzi hadi tumboni. Kijana akainua macho juu ya njia. Kule juu, shambani kwake, mwenyekiti alikuwa amenyoosha mgongo, jembe limetulia mkononi. Kijana aliwasha pikipiki akaondoka.

Nilimkimbilia.

"Ningepiga," alisema.

"Najua."

"Sasa pumzi yote hii naipeleka wapi?"

Makanya nilimtua mzigo, nikapanda basi la kurudi Moshi. Miaka yote nimewafundisha watu kupiga ukelele ili adui ashtuke, na sijawahi kuwauliza ni nani mwingine anayewasikia. Jumatatu nitaanzia hapo. Niliwaza hayo dereva akiwasha injini, ndipo sauti ikapasua soko zima, kutoka tumboni hasa, mpaka kondakta akageuka na abiria wakachungulia madirishani:

"Ndizi! Ndizi za Suji!"