Jioni Ile Hanna Aliporudi Kutoka Hospitali

Hanna aliacha kwaya akisema kifua kinambana. Ukweli ni kwamba tangu uzazi wa mwisho, kila akikohoa, akicheka au akijitwisha mkungu wa ndizi, mkojo ulimtoka. Hata mumewe, Ephraimu, hakujua. Mume anayejua bei ya kahawa asijue mkewe anaumwa nini, ana la kujibu.

Daktari mjini Arusha alimpangia upasuaji mdogo. "Mama, unaweza kulazwa mpaka kesho. Au ukishaweza kukojoa vizuri, jioni urudi nyumbani. Ila huko ukapumzike kweli. Usiiname kwa kazi, usibebe kizito, wiki kadhaa."

"Nitarudi," Hanna akajibu upesi. Akilazwa, akina mama wa jumuiya wangefika na chupa za mtori, supu ya ndizi, wakae kitandani na kuuliza anaumwa nini. Akirudi jioni, hakuna atakayejua.

Basi akamwambia Ephraimu anakwenda kumsalimia dada yake, Fransiska, kule Sekei, mjini. Baada ya upasuaji, dada huyo ndiye aliyemrudisha Hanna kwa teksi hadi nyumbani kwake, kijijini juu ya Maji ya Chai.

"Afadhali umefika, Mama Prosper," Ephraimu alisema. "Ng'ombe analia, majani hayajakatwa."

Kukata majani ilikuwa kazi ya mwanamke. Hanna akachukua mundu. Alipoinama mara ya kwanza tu, maumivu yakamkalisha chini.

"Una nini?"

"Nimechoka."

"Umechoka kwa kusalimia?"

Alitaka kucheka, akalia. Kisha akamweleza yote, uso ameufunika kwa kanga.

Ephraimu akachuchumaa karibu naye. "Ndiyo maana ulihamia kitanda cha watoto?"

"Ndiyo."

"Mimi nikadhani umenichoka."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamlaza, akamfunika blanketi. Halafu akatoka na mundu.

Njiani jirani yao, Abdiel, akapasuka kwa kicheko. "Baba Prosper! Umeolewa lini?"

"Leo," Ephraimu akajibu, bila kueleza zaidi. Siri haikuwa yake.

Lakini hakufika mbali. Akarudi, akachungulia mlangoni kama mgeni.

"Mama Prosper, ng'ombe huwa anakula majani yapi?"

"Ya kando ya mfereji," Hanna akasema. "Usimpe yaliyolowa maji."

"Sawa. Wewe lala."

Akalala.