Bima Inayokwisha Saa Sita Mchana

Bernadeta Szymura aliandikwa kazi katika chumba cha taa cha mgodi mmoja wa makaa ya mawe mjini Bytom tarehe 2 Oktoba 1978. Kila mchimbaji aliyeshuka alimwachia kipande cha shaba chenye namba yake, akapewa taa; akipanda alirudisha taa na kuchukua shaba yake. Zamu ikiisha na shaba bado inaning'inia kwenye msumari, Bernadeta ndiye aliyeinua simu. Katika miaka ishirini na minane aliinua mara tatu. Mara mbili watu walitoka wakitembea, wanaona haya. Mara ya tatu walitolewa wamefunikwa. Hakuwahi kupiga kabla ya saa, wala dakika moja baada yake.

Mumewe, Alojz, alikuwa fundi wa nguzo zinazoshikilia dari katika mgodi huohuo. Alipostaafu, wenzake walirudi kwenye njiwa wao na vibustani vyao. Yeye alijiunga na chama cha wapenda mapango. Kila Agosti chama kilikwenda Austria, kwenye milima ya chokaa, kikapiga kambi wiki mbili na kushuka kwa kamba mahali ambapo hakuna mguu uliowahi kukanyaga. Bernadeta alikwenda kupika na kushika daftari. Kila kundi lililoingia pangoni liliandika humo saa yake ya mwisho. Saa hiyo ikifika na watu hawajatoka, waokoaji waitwe. Kabla ya hapo, asiitwe mtu.

Bytom hakuna aliyekuwa na mazoea ya kufikiria gharama. Mgodini waokoaji huja. Kwenye milima ya nyumbani pia huja, na hakuna anayeletewa ankara. Ng'ambo ya mpaka huletewa. Ksawery Pilch, mwenyekiti wa chama, aliwakumbusha kila mwaka kwamba kumtoa majeruhi mmoja kwenye pango refu huweza kuchukua watu mia na siku kadhaa, na kwamba hesabu yake humeza nyumba na bado ikabaki na njaa. Kwa hiyo kila mtu alikata bima. Alojz alilipa akinung'unika.

"Tangu lini mtu akadaiwa kwa kutolewa chini ya ardhi?"

"Tangu ulipovuka mpaka," mkewe alimjibu.

Mwaka 2019 bima ya chama ilikuwa iishe tarehe 17 Agosti, saa sita mchana, siku ya kuteremka mlimani. Lakini mvua iliwafungia kwenye mahema siku tatu, na kamba zikabaki pangoni. Ksawery alipanda kwenye mwamba ulio juu ya kambi, mahali pekee penye mtandao, akapiga simu kwa kampuni. Wote waliongezewa siku mbili, isipokuwa Alojz. Tarehe 12 alikuwa ametimiza miaka sabini. Walimwimbia hapohapo kambini. Kampuni ilimvumilia hadi mwisho wa mkataba, lakini kumwandikia mwingine ilikataa.

Ksawery alimwambia abaki. Alojz akasema kamba zile alizifunga kwa mikono yake, na vijana wangeshinda kutwa nzima wakitafuta mafundo.

"Nimeshuka chini siku elfu sita bila karatasi," alisema.

"Karatasi ulikuwa nayo, ya shaba," alisema Bernadeta. "Nilikuwa nimeishika mimi."

"Basi shika na hii."

Aliandika daftarini, kwa mwandiko wake wa kulalia upande, kwamba saa ya mwisho ni saa kumi jioni. Hiyo ilikuwa ya tahadhari tu, akasema. Saa nne asubuhi anataka akute supu ya moto. Saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 17 aliingia pamoja na Hubert na Iga, wanachama wawili wenye nguvu na wenye bima.

Saa mbili mvua ikarudi. Saa tatu korongo la chini ya kambi, kavu tangu walipofika, lilianza kunguruma. Bernadeta akaenda hadi mlango wa pango. Kwa wiki mbili pango lile lilikuwa likipumua baridi usoni kwa kila aliyelikaribia. Sasa ncha za kitambaa chake cha kichwani zilivutwa kuelekea gizani. Maji yanayoanguka kwa wingi ndani ya pango huburuta hewa pamoja nayo. Hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa mgodini.

Saa nne ilipita. Supu ikapoa, akaipasha, ikapoa tena.

Saa tano Ksawery alikuja kuchutama karibu na jiko. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia viazi, kwamba amesoma mkataba tena: kinachohesabiwa ni saa waokoaji walipoitwa; wakiitwa kabla ya saa sita, kampuni hulipa.

"Wakiniuliza saa yetu ya mwisho, niseme nini?"

"Sema saa tano, shangazi."

"Daftari linasema saa kumi."

"Ukurasa huchanika."

"Wengi walinijaribu mgodini, lakini walikuja na vodka. Wewe hata vodka huna."

Ksawery hakucheka. Alitazama saa yake, akaondoka.

Bernadeta alijaribu kutenga mchele na chuya: hofu ya maji huku, hofu ya ankara kule. Havikutengana. Akipiga sasa na Alojz akatoka saa saba akiuliza supu, watu wa watu watakuwa wamepanda utelezini bure, na mumewe hatamsamehe. Akingoja hadi saa kumi, atakuwa ameshika utaratibu wake wote, na maji yatakuwa yamepata saa nne zaidi.

Alipanda kwenye mwamba, daftari likiwa kifuani chini ya koti. Sauti iliyopokea ilisema Kijerumani, lugha ya bibi yake. Mtu yule aliuliza ni wangapi, wako kina gani, mvua imeanza lini.

"Na saa yenu ya mwisho ilikuwa ngapi, mama?"

"Saa kumi jioni."

"Zimebaki saa nne."

"Najua."

"Sasa kwa nini unapiga?"

"Pango linavuta hewa ndani. Na bima ya mume wangu inakwisha saa sita."

Alisikia kalamu ikiandika.

"Nimeandika yote mawili," mtu yule alisema. "Simu imepokewa saa sita kasoro dakika kumi na mbili."

Akaongeza kwamba helikopta haiwezi kuruka katika ukungu. Waokoaji sita wa kwanza watapanda kwa miguu, na watafika kwenye mlango wa pango saa tisa alasiri, saa moja kabla ya ile iliyoandikwa daftarini.