Mchezaji wa Pili

Mwaka ule wageni walikauka Diani. Hoteli niliyofanyia kazi ilifunga vyumba vya upande mmoja, kisha vya upande wa pili, mwishowe tukabaki wachache wa kuhesabu mashuka. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi, mtu wa Kikoneni. Mwenzangu pale mezani alikuwa dada wa bara, mhasibu, mtu wa kanisani na mwenye mdomo. Alinicheka kwa Kiswahili changu cha kunyooka. Nami nilimwambia chake kimegongwa na lori.

Kungojea wageni wasiokuja kulituchosha, tukawa twacheza kwa karatasi: mmoja anaficha namba, mwenziwe anaikisia. Alikuwa hashindi, na kushindwa hakukubali. Yeye ndiye aliyenunua kitabu cha kujifunza programu, akasema mchezo ule tutautia kwenye kompyuta ya ofisi. Tukagawana kazi. Faili yangu ingeuliza jina la mchezaji wa kwanza na kuficha namba yake. Faili yake ingemshughulikia mwenye kukisia. Hatujafika bado kwenye sura ya kuziunganisha, barua yake ya kuachishwa kazi ikaja.

Kitabu alikwenda nacho. Aliniachia disketi yenye faili yake na kopi za ile sura, alizonitolea dukani Ukunda.

"Maliza hiyo game, alafu uniambie kama imekubali," alisema akifunga begi.

"Nitakwambia vipi, na kwenu hakuna simu?"

Alicheka, akatoka. Mimi sikucheka.

Haukupita muda, askari wa lango, mzee wa Munje, akanijuza kwamba kompyuta zingechukuliwa kesho yake baada ya adhuhuri. Nikamshukuru, nikarudi ndani mbio. Nilitaka jambo moja tu: kuuona mchezo wetu ukienda, hata mara moja.

Niliandika makefile, ile faili inayoiambia kompyuta ijenge programu kwa vipande gani na kwa amri gani, nikifuata mfano wa kwenye kopi. Kwanza ikakataa mstari kwa sababu niliuanza kwa nafasi badala ya kitufe cha Tab. Hilo nililirekebisha huku nikitukana kimoyomoyo. Ikafika hatua ya mwisho, ya kuunganisha, ikagoma: sehemu ya kukisia imeitwa, lakini haionekani ilipo.

Haionekani vipi? Nilifungua faili yake, nikaisoma neno kwa neno. Imo. Nikalinganisha herufi, nikafuta, nikajenga upya. Jibu lile lile. Niliikasirikia kompyuta, kisha nikamkasirikia na yeye, kana kwamba alijiachisha kazi mwenyewe. Ofisi nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia hata "hebu njoo uone". Na nyumbani ningesema nini? Mama angesikia "haionekani", aniulize ni nani aliyepotea.

Asubuhi nilizitazama tena zile kopi. Maelezo ya chini ya ukurasa yaliishia katikati ya neno. Mwenye duka alikilaza kitabu upande, ukingo wote wa kulia ukakatika. Mstari wa amri ya kuunganisha nao ulikuwa umekatwa, ila ulikatikia mahali pazuri, ukaonekana mzima. Mimi nikaunakili hivyo hivyo, wenye faili moja, nikatia yangu peke yake. Ya mwenzangu haikutajwa popote.

Niliiongeza. Programu ikajengeka bila neno.

Nikaandika jina langu, nikaficha namba. Kioo kikafutika, yakatokea maneno ya dada wa bara: "Player wa pili, kuja hapa. Na hakuna kuchungulia." Nilicheka kwa sauti, nikageukia kiti chake.

Nje nilisikia gari la kuzichukua kompyuta, limewahi, likipiga honi langoni. Niliandika jina lake, kisha ile namba niliyoificha mwenyewe. Kompyuta ikampongeza kwa jina. Alikuwa ameshinda, na sikuwa na njia ya kumwambia.